Umewahi Kula Uyoga Huu?

Daktari Ledesma alikuwa na adabu, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Mtu mkorofi unamfungia mlango, yakaisha. Huyu alitupangusia viti kwa leso yake, akatumiminia kahawa iliyovunwa kwenye miteremko yetu, akasema, "Karibuni nyumbani." Nyumbani kwa nani? Nyumba yenyewe aliipanga mwezi wa sita, hapa hapa Huautla, mji wetu wa milimani Meksiko.

Nilikuwa na Noemí mgongoni, binti yangu wa miezi saba. Nilikuwa pia na mama mkwe wangu, Mama Eustolia, mganga wa milima hii tangu mimi sijazaliwa, na dada yangu Apolonia. Apolonia alizika mtoto wake mwezi wa tano. Tangu siku ile hasuki nywele, hajibu salamu, na ukimpa tortila, chapati yetu ya mahindi, anaishika mkononi mpaka inapoa. Mama Eustolia alishasema: roho yake imebaki kaburini, lazima tukawaulize Wadogo. Ndivyo tunavyowaita sisi. Uyoga ni jina la kule sokoni.

Lakini Wadogo walikuwa hawapatikani. Msimu mzima waokotaji walipita alfajiri kabla yetu na kupeleka vikapu kwa daktari. Kisha redio ikatangaza kwamba anatafuta watu wenye huzuni isiyopona, awatibu kwa uyoga bila malipo. Nikasema haya, twende huko huko.

Naye alikuwa na haja yake. Alitaka Mama Eustolia atie dole gumba kwenye karatasi, ili nyimbo zake za uganga zirekodiwe na kupigiwa wagonjwa. Mama hajui Kihispania. Mimi nilijifunza kukisoma darasa la jioni, tumbo la Noemí likinizidi dawati, kwa hiyo nikawa mkalimani.

"Muulize anao wangapi," Mama akaniambia.

Daktari akafungua sanduku kwa fahari. Wamekaushwa, kila mmoja kwenye kifuko chenye namba. "Thelathini na saba," akasema.

Mama akacheka mpaka akajishika ubavu. Kwetu Wadogo huliwa wawili wawili, dume na jike.

"Muulize huyo wa mwisho anaolewa na nani."

Nikatafsiri. Daktari akainamisha kichwa kwa heshima, akaandika kwenye daftari.

"Anaandika nini?"

"Hayo uliyosema, Mama."

"Hata mzaha?"

"Hata mzaha."

Kisha akamgeukia Apolonia na karatasi ya maswali. Jina. Umri. La tatu: huzuni yako ni ngapi, kuanzia moja hadi kumi? Apolonia alitazama ukuta. Nikasema kumi, kwa kuwa namba zao hazikwenda mbele zaidi. La nne: umewahi kula uyoga huu?

"Mara moja," nikajibu. "Alikuwa na miaka kumi na mmoja, homa ilikataa kushuka."

Kalamu ikasimama. "Pole sana, bibi. Hatuwezi kumpokea. Tunahitaji watu ambao hawajawahi."

"Daktari, mlimani hapa utampata wapi mtu huyo?"

"Watatoka mji mkuu. Wengine nje ya nchi. Wanafika wiki ijayo."

Baba yake Mama Eustolia alilala rumande kwa ajili ya hawa Wadogo, siku zile walipoitwa dawa za kulevya. Leo wamevishwa namba, wamekuwa tiba, na aliyekua nao anaambiwa ana kasoro kwa sababu anawajua.

"Basi tupe jozi tatu tu," nikasema. "Za dada yangu."

"Hizo ni sampuli. Zimeshaandikishwa."

"Na yeye? Huzuni yake umeiandika kumi, umeiandikisha wapi?"

Daktari akausogeza wino mbele ya Mama, taratibu, kama mtu anayemlisha mtoto. Mama akaniuliza tumebishania nini. Nikamweleza neno kwa neno. Akalitazama dole gumba lake, akalifunga ndani ya ngumi.

"Mwambie na hili dole limewahi kula. Halifai."

Tukaondoka, kahawa imebaki vikombeni.

Chini ya kanisa dogo mvua ilikuwa imeporomosha kilima juu ya barabara, na waokotaji waliogopa kukanyaga pale. Wadogo hupenda udongo ulioanguka. Mama nami tulipekua tope asubuhi tatu, nikiwa nimemwachia Noemí baba yake, nikiteleza na kumlaani daktari kila nilipopiga goti. Tulipata wanane. Apolonia alikuwa tayari kwenye zile siku nne za kujizuia na unyumba kabla ya kuwala, kama inavyotakiwa.

Usiku wenyewe siusimulii. Ni wake yeye na Mama.

Kulipokucha alilia kwa sauti, kilio ambacho hakukilia makaburini. Alipotulia akaonja maharagwe yangu, akasema hayana chumvi. Sisemi amepona. Mama anasema itabidi turudie kabla mvua hazijakatika, na waokotaji bado wanapita alfajiri. Nimekwenda kwa wazee wa mji kuomba wakatazwe, na nitakwenda tena, kwa barua, niliyoiandika mwenyewe.

Lakini asubuhi ile Apolonia alimfungua Noemí mgongoni mwangu, akamnusa shingoni, akakunja pua.

"Mtoto ananuka maziwa yaliyochacha," akasema. "Wewe Herlinda, kwani humwogeshi?"

Nikaenda kuchemsha maji.