Kofia ya Baba na Gurudumu la Kushoto

Baba hakumpenda Kimaiyo, na hakuficha. Alisema binti yake hawezi kuolewa na mtu anayenuka grisi. Mahari aliipokea, na kofia nzito ya sufu aliyoletewa na Kimaiyo akaipokea pia, akawa haivui ila akilala. Lakini kumwita mkwe? Thubutu. Alimwita "yule wa trekta".

Siku ya arusi, Kimaiyo aliazima trekta na trela za shamba alilofanyia kazi, tukateremka kutoka Solai kwenda Nakuru. Mchungaji alikuwa amesema wazi: saa sita anaondoka kwenda Molo, harudi mpaka mwezi ujao. Mimi na jamaa zangu tulikaa kwenye trela tukiimba, gauni nimelikunja magotini.

Tulipovuka mto, Kimaiyo alisimama, akashuka, akagusa kitovu cha kila gurudumu la trela kwa kiganja, kama mama anavyogusa mtoto mwenye homa. La kushoto lilikuwa linachoma. Nyimbo zikakoma.

Akapiga jeki, akalitoa gurudumu. Grisi ilikuwa nyeupe kama maziwa, maana maji yalikuwa yameingia. Beringi zilikuwa nzima. Sili ndiyo iliyochanika, ule mviringo wa sufu unaozuia grisi isitoke na vumbi lisiingie. Akaosha beringi kwa mafuta ya taa, akazikausha, akazishindilia grisi mpya kiganjani, taratibu, nami nawaka. Shangazi akasema haraka haraka haina baraka. Nikamwambia aolewe yeye basi. Nikamsihi Kimaiyo arudishe gurudumu twende.

"Bila sili hatufiki," alisema. "Na hii trela si yangu."

Baba, aliyekuwa amechutama akitazama mikono ya Kimaiyo, akauliza sili hutengenezwa na nini. Kimaiyo akajibu ni sufu nzito, kisha akatazama chini. Sote tuliiona kofia, ila nani angethubutu kuiomba? Baba akaivua mwenyewe, akaikata ukingo kwa kisu chake.

Kimaiyo akaloweka kipande kwenye oili, akakipachika, akarudisha gurudumu, akakaza nati, akailegeza kidogo. Gurudumu likazunguka kwa kidole kimoja, bila sauti.

Tulimkuta mchungaji ameshika mlango wa gari lake. Pale nje ya kanisa mjomba, aliyekuwa ametangulia kutungoja, akamcheka Baba, akamuuliza ile kofia isiyovuliwa iko wapi.

"Si kanisani kofia hutolewa?" Baba akasema. "Mimi yangu nimetoa njiani. Mkwe wangu alikuwa na kazi nayo."

Nilifurahi mno. Nikamshika Kimaiyo mkono mbele ya watu wote, nikaingia kanisani nikinuka grisi.