Nasambu Akataa Sura ya Tisa

Mwaka wa 1987 Agneta alikuwa mpiga chapa mjini Kitale, na mezani pake palikuwa na mswada wa riwaya ya Mwalimu Jairus wa Kanduyi. Ilimhusu Nasambu, mjane aliyekataa kurithiwa na shemeji yake, akaunda kikundi cha akina mama na kununua mashine ya kusaga mahindi. Agneta aliipenda, hata chakula cha mchana alikila huku anapiga chapa.

Katika sura ya tisa mwandishi alieleza nguvu za Nasambu zilikotoka. Alikuwa mchawi, naye ndiye aliyemtoa mumewe kafara. Kijiji kikamchoma moto.

Agneta hakufikia kuupiga chapa huo moto. Nasambu alitoka kati ya karatasi na utepe wa mashine ya kupiga chapa, akakung'uta wino kwenye leso yake, akaketi.

"Dada, hiyo usiandike. Bwana yangu alikufa na malaria. Na mashine tulinunua na akina mama, tukiuza maziwa."

"Mimi napiga tu chapa," Agneta alisema, akimmiminia chai. Lakini hakugusa kazi tena. Kesho yake walienda pamoja Kanduyi, Bungoma, kwa mwalimu.

Mwalimu alimtambua Nasambu kwa kovu la kidevuni alilompa mwenyewe katika sura ya pili. Akaagiza kiti.

"Toa uchawi," Nasambu alisema.

"Mama, msomaji ataamini nini? Ati mwanamke asimame tu, hivyo hivyo, apate mashine? Lazima kuwe na kitu nyuma yake."

"Kulikuwa na wanawake kumi na tisa."

"Hiyo haiaminiki, bana," mwalimu alisema kwa upole, akimtazama mwanamke aliyetoka kwenye karatasi.

Agneta aliinuka. Alimrudishia mwalimu mswada wake hapo hapo. Mwalimu akatafuta mpiga chapa mwingine, na kitabu kilipotoka kilisifiwa kwa kumtetea mwanamke.

Nasambu hakurudi kitabuni. Alipanga chumba mtaa wa Matisi, Kitale, na baada ya miaka minne yeye, Agneta na wenzao walinunua mashine ya kusaga. Afisa wa leseni alikuja kukagua, kitabu cha mwalimu kikiwa kwapani.

"Mwanaume mwenye hii mashine ni nani?"

"Hakuna. Ni yetu."

Afisa alipekua kitabu, akasoma kidogo, kisha akajaza fomu. Agneta aliomba aione. Kwenye sababu za kukataa palikuwa na neno moja, limeandikwa kwa mwandiko mzuri: uchawi.