Miji Saba ya Bwana Anselmo

Siku ya kwanza nilipoingia ofisini kwake na ndoo yangu, yule mzungu alisimama akasema, "Shikamoo, mama." Nusura nimwage maji. Hapo ni Stockholm, Januari 1985, ghorofa ya nne ya jengo moja la ofisi karibu na uwanja wa Sergels torg, katikati ya mji.

"Marahaba, baba. Umejifunzia wapi?"

Akasema alikaa Tanzania zamani. Jina lake Anselmo, Mkanada, baba yake fundi mwashi aliyetoka Italia. Amekuja na ujumbe wa nchi yake kwenye ule mkutano mrefu wa mataifa, wa kupunguza hofu ya vita. "Mimi ni mtu wa makaratasi tu," akasema.

Mimi shule yangu iliishia darasa la nne, Bukoba, lakini watu wa makaratasi nawajua. Mtu wa makaratasi ukiingia hakuangalii mikono kwanza.

Tukazoeana. Kila siku saa kumi na moja, wenzake wakishaondoka, mimi napiga deki na yeye ananiomba kwa jina langu, "Mama Jovia, nitegee." Basi namtegea.

"Kitendawili!"

"Tega!"

"Joka langu la buluu, asubuhi lameza watu, jioni lawatapika."

Akakuna kichwa hadi nikamwonea huruma. Na joka lenyewe si ile treni yetu ya Husby, mtaa tunaokaa!

"Nimeshindwa, mama."

"Nipe mji."

Kwa ambaye hakulelewa na bibi, nieleze. Anayeshindwa humpa mtegaji mji. Mtegaji anaupokea, anajisifu jinsi alivyotembea humo akala akanywa, ndipo atoe jibu. Sisi watoto tulipeana London na Makka, miji ambayo hata mwalimu wetu hakuiona. Lakini Bwana Anselmo vitendawili alivikuta ukubwani. Yeye alitoa miji aliyoikanyaga kwa miguu yake.

"Nakupa Nicosia," akasema, akajifuta shingo kana kwamba jua la huko limemfuata mpaka kwenye theluji. Kila mji aliutoa hivyo, na kijineno nyuma yake. Kufika Mei nilikuwa na saba.

Sasa niseme na kosa langu. Ijumaa moja aliniona macho mekundu, nikamwambia ni vitunguu, nimeanza kukata vya Jumapili. Kwamba kila Jumapili napika sufuria kubwa, kwa sababu kwa mkwe wangu Ssali huja vijana tisa wa Uganda. Ssali, mume wa binti yangu Clementina, aliikimbia serikali ya kwao, na hao tisa vilevile. Wanakula, wanafunga mlango wa sebule, wanapanga ya kwao. Siku nyingine nilimtajia Samwiri, mdogo wake Ssali, aliyejificha Nairobi bila karatasi. Akirudishwa kwao, tulikuwa tunajua kitakachofuata ni matanga. Nililalamika tu, kama mtu anavyolalamikia magoti.

Kumbe naye alikuwa anaokota maneno yangu.

Siku hiyo ya Mei hakutaka kitendawili. Alifunga mlango.

"Mama, Samwiri bado yuko Nairobi?"

"Yuko."

"Kanada inaweza kumpokea. Ni barua moja tu."

Ndoo niliiweka chini polepole. "Na wewe unataka nini?"

"Majina tisa. Ya wageni wako wa Jumapili, na kila mmoja kwao ni wapi. Basi."

"Umpe nani?"

"Kuna mtu ameniomba. Hawatadhurika, mama."

"Hapa Husby hawatadhurika. Na mama zao kule?"

Sitawadanganya, nilimwona Samwiri mbele yangu, kijana mwembamba aliyebeba sanduku langu kichwani siku ya harusi ya Clementina akicheza nalo. Majina nilikuwa nayo mdomoni, yote tisa, na hata nani hali pilipili. Nikaushika ufagio kwa mikono miwili.

"Kitendawili!"

"Mama, si sasa."

"Nimesema kitendawili!"

"Haya... tega."

"Mgeni wangu hakosekani penye ugomvi. Hapigani wala haamui."

"Mwandishi wa habari."

"Wapi!"

"Padri."

"Padri huamua, hujawahi kuoa nini? Endelea."

Akatabasamu kidogo, kisha akaacha. "Nimeshindwa."

"Usinipe mji kwanza. Ninayo saba, ngoja nikuhesabie. Borden, kwenu Kanada, ndiko ulikofundishwa kazi. Soest, Ujerumani, ulikuwa kijana, ukateleza kwenye barafu ukavunja mguu. Dar es Salaam, mlifundisha askari wetu, na wewe lugha ukafundishwa na mpishi. Nicosia, Wagiriki na Waturuki. Saigon, hukukaa sana na hupendi kuitaja. Ismailia, Wamisri na Waisraeli. Lahr, Ujerumani tena, ulikuwa mkubwa sasa, na mkeo akachoka akarudi kwao. Kila penye watu wawili wasiosemezana, wewe uko katikati, umetulia. Jibu ni sikio, baba. Wewe ni sikio la jeshi. Cheo chako nini, kapteni?"

"Meja," akasema, kabla hajajizuia.

Kisha akawa mwekundu mpaka masikioni. "Unanitisha, mama?"

"Nikutishe na nini, na tambara la deki?"

"Nani mwingine anajua?"

"Hapo ndipo ninapotaka unisikie vizuri. Hakuna. Miezi mitano nina maisha yako yote humu kichwani, na hata binti yangu sijamwambia. Wewe ulinipa miji yako kwa mchezo tu, nikaifunika. Wale wameniambia majina yao wakila chakula changu. Unadhani ndiyo nitakayoyafunua?"

"Na Samwiri?" Aliuliza kwa upole, na upole huo uliniuma kuliko kofi.

"Samwiri akisikia alinunuliwa kwa watu tisa, atakuja kunitemea mate kaburini. Mdomoni mwako usimtie tena. Umeshindwa kitendawili. Nipe mji!"

Akageukia dirishani. Chini watu walikuwa wanakula aiskrimu juani kama watoto.

"Nakupa Husby," akasema.

"Wote?"

"Wote, mama. Na Jumapili zake."

Kanuni ni kanuni. Nikasimama wima, nikaupokea. "Nilikwenda Husby, nikapanda ngazi mpaka ghorofa ya tano, nikala wali na maharage, nikanywa chai ya tangawizi vikombe viwili. Na humo ndani, Meja, sikumwona mtu hata mmoja."

Nikabeba ndoo yangu nikatoka.

Nyumbani nilimwambia Clementina kila kitu isipokuwa ile miji. Alilia. "Barua moja, mama! Barua moja!" Siku kumi na moja hakusema nami. Mjukuu wangu Babirye ndiye aliyekuwa tarishi wetu, tena kwa Kiswidi: "Mormor, maten är klar," bibi, chakula tayari, na mama yake amesimama hatua mbili tu. Nilikwenda nikala. Chakula sijawahi kukisusia.

Baada ya likizo ya kiangazi ile meza ya Meja ilikuwa na mtu mwingine, asiyeamkia. Barua ya Kanada haikuja. Januari iliyofuata serikali ya kwao Uganda ikaanguka, na mwezi Februari Samwiri akapanda basi Nairobi, akarudi kwao kwa nauli yake. Picha yake ikatufikia, amesimama mlangoni kwa mama yake, amekonda, anacheka.

Clementina aliitazama sana. Kisha akanigeukia.

"Mama, na kama wangemkamata?"

"Ningelia mpaka macho yapofuke."

"Na majina?"

"Nisingetoa."

Akaliweka bakuli la vitunguu mbele yangu, na kisu juu yake. Ilikuwa Jumapili, na wale tisa walikuwa wameshaanza kupanda ngazi.