Kicheko Kisicho na Jina

Kijapani kina neno kwa kila kicheko. Maulid aliyajifunza maneno hayo ujanani, alipokuwa baharia kwenye meli ya Wajapani waliovua jodari. Nikoniko ni tabasamu la mtu mwenye moyo mweupe. Niyaniya ni la anayeficha jambo. Kusukusu ni kicheko cha kubanwa mdomoni, na geragera ni cha kuachia mpaka mbavu ziume.

Yeye na mkewe Swalha, wafanyabiashara wa Unguja, waliyatumia walipokwenda China kununua nguo, kwenye soko la Shahe. Swalha alishika nguo na kubishana bei. Maulid alisimama nyuma akimtazama laobani, mwenye duka, usoni. "Niyaniya," alinong'ona, na Swalha akauacha mzigo. Wenye maduka walidhani ni Kiswahili.

Mwaka 1998 kiharusi kilimwangusha Maulid hukohuko China, kwenye mtaa wa Zhanqian Road, katikati ya marobota. Alipozinduka hospitalini hakuweza kusema. Aliweza kucheka tu. Alicheka alipochomwa sindano, alicheka uji ulipommwagikia kifuani. Daktari alieleza kupitia mkalimani kwamba kicheko kile kilitoka kwenye ubongo ulioumia, si kwenye furaha. Kama mgonjwa bado alielewa anayoambiwa, hakuna aliyejua.

Swalha alitaka kujua hilo moja tu.

Asubuhi moja alipigiwa simu kutoka nyumbani: mama yake Maulid amefariki, na wameshamzika. "Usimwambie," shemeji yake Abubakary alimsihi. "Utamuua."

Alipofika wodini alimkuta Françoise, Mkongo aliyekaa nao hoteli moja, akimenya chungwa.

"Papa Maulid, unalishwa kama bebe! Mvivu, wee!"

Maulid akacheka geragera.

"Unaona, Mama Swalha? Anasikia!"

"Jana aliicheka feni," Swalha alisema.

Akaketi kitandani, akaushika mkono wa mumewe. Alijua anachotaka kufanya si kizuri. Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Maulid, kama bado yumo, asingelicheka.

"Baba Fathiya, mama katutoka. Jana, baada ya alasiri."

Maulid alimkazia macho. Midomo ikamtetemeka.

Kisha akacheka, sauti ileile aliyomchekea Françoise. Mgonjwa wa kitanda cha pili akaambukizwa, akacheka naye. Nesi akachungulia mlangoni akitabasamu.

Swalha aliyapitia maneno yote ya Kijapani ya mumewe kimoyomoyo. Hakuna lililofaa.

Françoise aliweka chungwa chini. "Mama, tutoke inje kidogo."

"Hapana. Nimeshaanza."

Akamfuta mumewe mate kidevuni, akaendelea kumpa habari kama apewavyo mtoto wa marehemu: kina nani walimwosha, aliswaliwa msikiti gani, kina nani walibeba jeneza.

"Abubakary ndiye aliyeingia kaburini," alisema, "kwa niaba yako."

Maulid alikuwa akikohoa kwa kucheka. Ikabidi Swalha amwinue, amwegemeze begani, asije akapaliwa.