Njoo na Mzazi

Usiku wa jana nilikuota wewe. Ndiyo, wewe unayesoma. Ulikuwa unapita mbele ya geti la shule ya serikali, ile iliyo mkabala na kibanda changu cha kushonea viatu, na ulipomwona Mbeyu amesimama pale ukageuza uso ukaanza kusoma bango la dawa ya panya. Bango lenyewe lina maneno manne: PANYA WOTE WATAFIA NJE. Wewe uliyasoma mpaka ukapotelea kwenye kona. Hata ndotoni, jamani.

Kabla sijaendelea, jua jambo lenyewe, maana ndoto yangu haikubuni kila kitu. Mbeyu Nyamawi anasuka makuti ya kuezekea, hapa hapa Mombasa. Ni mweusi, mweusi wa kwetu, kama mimi. Binti yake, Nasra, yuko gredi ya nne, na amemfuata marehemu babake, Awadh, Mwarabu wa Mji wa Kale: mweupe, nywele zimelala mpaka mgongoni. Wiki tatu zilizopita watoto waliambiwa wachore familia. Nasra akamchora mamake kwa rangi ya kahawia iliyokolea, akajichora mwenyewe kwa ile nyepesi. Mwalimu akadhani ni mzaha. "Huyu ni yaya wenu. Nimesema chora mama." Nasra akamchora mama mara ya pili, kahawia ile ile, ila sasa akaikandamiza kalamu mpaka ikavunjika. Mwalimu akapiga alama ya kosa, nyekundu, kuanzia utosini kwa mama mpaka miguuni, akaandika chini yake, na kwenye barua ya nyumbani: Njoo na mzazi.

Mbeyu amekwenda mara tatu. Mara zote tatu amegandishwa getini. Alipotoa cheti cha kuzaliwa cha mtoto, wakamwambia, "Vizuri, umetumwa nacho. Sasa mwambie mwenye mtoto aje mwenyewe." Alipotoa kitambulisho chake, jina lile lile, askari akatazama cheti, akamtazama mtoto, akamtazama mama. "Majina yanalingana," akasema, "lakini sura hazilingani." Mara ya mwisho ilikuwa Ijumaa, na siku hiyo hiyo Mzungu mmoja alisimama pale kuulizia choo, akaingizwa ndani, akapewa kiti, soda na watoto wa kumwimbia. Nilikuwepo. Mimi sisahau.

Leo Jumatatu, mzazi asipoonekana, jina la Nasra linafutwa kwenye rejista.

Sasa ndoto.

Mbeyu amesimama mbele ya geti. Amejifunga leso mpya, na miguuni ana viatu vyake vya ngozi ambavyo mwenyewe huviita viatu vya shule, kwa sababu havivai akienda kwingine. Cha kushoto kimeachama soli. Geti linamtazama. Halina macho, lakini linamtazama, kama karani aliyekatizwa chai.

"Shida?" geti linauliza.

"Nimeitwa."

"Ameitwa nani?"

"Mzazi."

"Yuko wapi?"

"Ndiye mimi."

Geti likakohoa kutu. "Mama, barua unayo mkononi. Imeandikwa nini? Njoo na mzazi. Wewe umekuja, hilo hatukatai. Sasa huyo mzazi uliyekuja naye yuko wapi?"

Mimi nikainuka kibandani na nyundo. Mbeyu hakugeuka. Alinijua kwa mlio wa kigoda.

"Fundi Ruwa, keti. Hiyo nyundo ina kazi kwenye soli yangu." Kisha akaliambia geti, kwa upole ule ule, "Nisije nikakosea. Mnataka mzazi wa namna gani?"

"Anayefaa," geti likasema. "Tukimwona tutamjua."

Mbeyu akashukuru. Mimi nikasaga meno, lakini nimemjua Mbeyu miaka kumi na miwili: akitaka kukushinda, huanza kwa kukutii. Nimewahi kumwona akimtii askari wa kaunti mpaka yule askari akamwomba radhi. Mimi naujua ukali wa kupiga kelele peke yake. Ule wake wa kunyamaza sijajifunza, na nina miaka arobaini na tisa.

Tukageuka, barabara hakuna. Tuko dukani kwa muuza nguo. Mwenyewe amekwenda kuswali, ameacha kibao mlangoni: CHUKUA MZAZI, RUDISHA MKUTANO UKIISHA.

Wazazi walikuwa wamepangwa dirishani, yale masanamu ya kuvalishwa nguo. Wote weupe pe, pua kama visu, wamepakwa rangi ya midomo na ya kucha hata wanaume. Mmoja alikuwa na suti ya kijivu na tai. Hakuwa na miguu, alisimamia chuma.

"Umewahi kuzaa?" Mbeyu akamuuliza.

Sanamu likafungua koti, likafungua shati. Tumbo laini kama sahani. "Mimi sina hata kitovu, mama. Na kichwani hamna kitu. Gonga usikie."

Mbeyu akagonga. Kikalia kama debe.

"Unafaa," akasema.

"Lakini siwezi kutembea."

"Nitakubeba. Kubeba nimezoea."

Akalifunga mgongoni kwa leso, vile vile alivyokuwa akimfunga Nasra. Tai ikawa inampiga begani. Hakuyumba hata mara moja. Njiani sanamu likamuuliza kama ni mzito. Mbeyu akajibu kwamba mtu asiye na kitu ndani hawezi kuwa mzito, na wote wawili wakacheka. Nikaona wivu kidogo.

Geti lilijifungua lenyewe tulipokuwa bado mbali.

"Karibu mzazi! Karibu, bwana mkubwa! Pole na safari!" Kisha likashusha sauti, "We yaya, pita na mzigo wako, ila usikanyage maua."

Kutoka ofisini kiti kikaja mbio, kile chenye mto, kinahema, miguu yote minne vumbi. "Keti, mzazi. Keti, usichoke."

Sanamu likaketishwa. Mbeyu akasimama nyuma yake. Mimi hakuna aliyeniuliza, kwa hiyo nikapita tu, na chini ya mlingoti wa bendera nikamkuta baba yangu.

Baba alifariki zamani. Lakini mwaka wa themanini na saba, nikiwa darasa la tano, nami niliambiwa njoo na mzazi. Akatoka shambani kwa miguu, ameshika viatu mkononi ili visichakae kabla ya kumwona mwalimu. Wakamtazama miguu. Wakamwambia angoje pale mlingotini, ataitwa. Akangoja mpaka jioni. Hakuna aliyemwita, na mimi sikurudi tena shuleni. Kusoma nilimalizia kwenye magazeti ambayo wateja hufungia viatu wanavyoniletea.

"Baba," nikamwambia. "Bado uko hapa?"

"Wameniambia ningoje." Viatu vilikuwa mkononi vile vile, vinang'aa.

"Umekula?"

"Kengele ya chakula haijalia." Akanitazama mavazi ya kazi. "Ruwa, uko darasa la ngapi sasa?"

Nikamwambia la tano. Ningemwambia nini?

Ghafla tuko ofisini. Ukutani kuna tangazo: HAKUNA KUMWONA MWALIMU MKUU BILA MIADI. Mbeyu hakuwa na miadi, kwa hiyo hakumwona. Mimi pia sikumwona. Tuliona kikombe cha chai kikipanda hewani, kikiinama, kikishuka. Sanamu lilimwona vizuri sana.

"Tumefurahi umekuja mwenyewe," sauti ikasema juu ya kikombe. "Wazazi wengine hutuletea watu wa kazi. Hebu tuambie, mtoto hulala saa ngapi?"

Sanamu likatazama mbele tu.

"Saa tatu," Mbeyu akasema kwa nyuma, "akishakariri jedwali la saba. Hukwama kwenye saba mara nane."

"Hewaa! Mzazi anamjua mtoto wake! Na anaogopa nini?"

"Radi. Lakini huwa anajidai anaamka kunitazama mimi kama naogopa."

"Sikilizeni, sikilizeni! Aliwahi kuugua?"

"Nimonia, akiwa na miezi kumi na mmoja. Alilazwa siku sita. Siku ya tano aliomba uji."

Kikombe kikapiga makofi. Usiniulize kilipigaje. "Wazazi kama wewe, bwana, tungekuwa nao kumi tu shule hii ingefika mbali."

"Mwalimu," sanamu likasema, "mimi sijafungua mdomo."

"Na unyenyekevu pia!"

Mbeyu akatoa kwenye mfuko wa plastiki ile karatasi ya mchoro, akaitandaza mezani. Mama wa kahawia, mtoto mweupe, wameshikana mikono. Juu ya mama, kosa jekundu.

"Nimekuja kwa hili," akasema. "Mtoto aliambiwa achore anachokiona nyumbani. Amekosea wapi?"

Kosa jekundu likajikunyata kwenye karatasi. "Mimi nilitumwa tu," likasema. "Kalamu ndiyo iliyonishika."

Sanamu likainua mkono. Bega likalia kama mlango. Mkono ukapanda, ukapinda nyuma, kidole cha shahada kikamwelekea Mbeyu.

"Mzazi ni yule," likasema. "Mimi ni wa kuvalishwa nguo."

Halikuzoea kazi hiyo, maskini. Kidole kikakatika, kikaanguka, kikaingia kwenye kiatu cha Mbeyu cha kushoto, pale palipoachama.

Kikombe kikasimama hewani. Kiti kikajitoa polepole chini ya sanamu, kikaja mpaka mbele ya Mbeyu, kikainama. "Samahani, mama. Nilifundishwa hivyo tangu nikiwa mti."

Mtu mwingine angeketi. Mimi ningeketi, ningekunja nne. Mbeyu alikishika kiti mgongoni, akakigeuza kuelekea mlangoni.

"Mimi nishasimama, naweza. Mpelekee yule mzee wa mlingotini. Amengoja tangu themanini na saba."

Kiti kikaenda. Nilimwona baba akipangusa nyayo zake moja moja, akivaa viatu, akifunga kamba kwa mafundo mawili, akiketi. Alijinyoosha kama mtu aliyeteremka kwenye lori. Sijawahi kumwona akiketi namna ile, na nilikaa naye miaka ishirini na minne.

"Yote haya ni sawa," sauti ya kikombe ikasema, sasa kwa baridi, "lakini utaratibu ni utaratibu. Sanamu halina kitambulisho, haliwezi kuwa shahidi. Nani hapo nje anamjua huyu mama?"

Dirisha likafunguka lote. Nje ya geti mtaa mzima ulikuwepo. Muuza mihogo ambaye Nasra humwita shangazi. Mkunga wa kliniki aliyemzalisha Mbeyu. Mwenye nyumba. Mwenye bodaboda aliyewakimbiza hospitali siku ya nimonia. Na wewe, kwenye bango la panya. Kila mtu alimjua. Kila mtu alikuwa na kitu cha kutazama: simu, ukucha, mawingu.

Mbeyu hakuomba. Alitutazama tu, mmoja mmoja, bila kinyongo, kama anayehesabu makuti.

Nikafungua mdomo kusema. Ulikuwa umejaa misumari.

Sisi mafundi viatu hubana misumari midomoni tukipigilia soli, ili mikono yote miwili ifanye kazi. Na hapo, ndani ya ndoto, ndipo nilipokumbuka: zile mara tatu alizogandishwa getini, mimi nilikuwa mita nane kutoka pale, nimebana misumari hivyo hivyo. Nilikasirika, ee. Nilizigonga soli za watu kwa hasira mpaka zikatoboka. Neno sikusema hata moja.

Nikaanza kuitema. Mmoja. Wa pili. Wa tatu. Haikuisha. Kengele ikalia.

Niliamka kabla ya alfajiri, meno yananiuma. Juu ya meza kulikuwa na viatu vya shule vya Mbeyu. Aliviacha kwangu Jumamosi nimshonee cha kushoto, nikaja navyo nyumbani, hapa nyuma ya kibanda. Nikakitikisa kutoa mchanga kabla ya kupaka gundi.

Kikaanguka kidole. Cha plasta, cheupe, kimepakwa rangi ya kucha. Kikabiringika mezani mara moja, kikatulia. Kimeelekea mlangoni, na mlango wangu unatazamana na shule.

Kiko mbele yangu ninapoandika. Nimekigeuza mara mbili kitazame ukutani. Kinarudi.

Sasa ni saa kumi na mbili na robo asubuhi. Geti linafunguliwa saa moja. Viatu nimeshamaliza, na mdomoni sina msumari hata mmoja. Mbeyu atakuja kuvichukua, atavivaa, atavuka barabara mara ya nne, na watamuuliza mzazi yuko wapi. Wewe unamjua. Usiniambie humjui, nimekuona. Hutakiwi kubeba bango wala kutoa hotuba. Ni maneno manne, sawasawa na yale ya panya uliyoyasoma kwa bidii: Huyu ndiye mama yake.

Acha karatasi hii hapo ulipo. Vaa viatu. Vuka barabara uyaseme.