Benchi la Jumanne

Jumanne ya tarehe saba Machi, mwaka juzi, ndiyo siku mambo yangu yalipoharibika. Naitaja tarehe kwa sababu wahusika wanapenda kusema "zamani kidogo." Si zamani. Ilikuwa Jumanne, na usiku wa kuamkia leo niliota nimerudishwa mlemle ndani yake, kama mbuzi anayerudishwa kwenye zizi alilolitoroka.

Nianze na yaliyotokea kweli, maana asiyejua atadhani nimerukwa na akili. Mke wangu aliitwa Nyamizi. Tulikuwa tunaachana. Hatukupigana, wala hakuna aliyechukua mume au mke wa mtu. Siku ya arobaini ya mama yake, mbele ya kaka yake Lugendo na wageni wakiwa wanakula, alisema atabaki siku mbili zaidi asaidie kuosha vyombo. Nikamjibu, "Basi kaa hukohuko." Neno likishatoka haliokotwi. Akakaa. Baada ya mwezi nikaletewa wito kutoka baraza la usuluhishi la kata.

Kwetu, mahakama haipokei shauri la talaka mpaka baraza la kata litoe karatasi kwamba usuluhishi umeshindikana. Na karatasi isiyo na mhuri ni ya kufungia karanga. Mhuri wa kata yetu ulikuwa kwenye droo, ufunguo wa droo ulikuwa mfukoni mwa mwenyekiti, na mwenyekiti alikuwa safarini. Jumanne nne nimekwenda, nne nimeambiwa yuko semina. Semina ya nini? Ya namna ya kuhudumia wananchi.

Mjumbe mmoja mwanamke alitufundisha kujiandaa. "Andikeni orodha ya vitu vyenu. Tafuteni nakala ya cheti cha ndoa. Binti yenu Sida mwambieni wenyewe kabla majirani hawajamwambia. Na mlie mapema, msije mkalia mbele ya hakimu." Mimi shule yangu iliishia darasa la tatu, hivyo orodha niliichora. Kitanda nikachora kitanda, jembe nikachora jembe. Vyake kushoto, vyangu kulia. Kinu nikampa yeye. Mchi nikauweka kwangu, kwa sababu niliuchonga kwa mkono wangu, mti wa mninga, na kwa sababu nilitaka asitwange.

Wajumbe walicheka mpaka wakafuta macho. "Mzee," akasema yule mama, "mchi bila kinu utatwanga wapi?"

"Hiyo ni juu yangu."

Kinu kikaenda kwa Lugendo. Mchi ukabaki nyuma ya mlango wangu, umeegemea ukuta kama mlevi.

Sasa hiyo Jumanne ya tano, Nyamizi alikuja nyumbani na furushi kichwani. Hakunikuta. Nilikuwa kwenye benchi la kata nangoja mhuri. Ijumaa yake presha ikamwua. Alikuja kufanya nini, sijui. Kama alikuja kurudi, mimi ni mgane. Kama alikuja kumalizana, basi mimi ni kitu ambacho kata haijakiandikia fomu.

Ndoto ndiyo hii.

Niko kata. Saa ya ukutani inasema saa nne asubuhi. Jua limeingia ndani, limekaa kwenye kiti cha wageni, limekunja nne.

"Umejiandaa?" ananiuliza karani.

"Nimejiandaa."

"Picha mbili?" Nampa. "Cheti?" Nampa. "Machozi?"

Nampa kikombe. Anakiinua, anachungulia ndani.

"Baba, kikombe ni cha waliokaa mwaka mmoja. Ninyi mmekaa ishirini na sita. Hapo ni debe."

"Sikuambiwa debe."

"Imebandikwa mlangoni."

Nageuka kutazama. Mlango haupo.

"Na hicho cha kwapani?"

Natazama. Chini ya kwapa langu la kushoto nimebana kuku mwekundu, mzito, ana joto la kuku anayeatamia.

"Hasira," anasema karani, huku anaandika. "Kanuni inataka hasira ziachwe nje. Ana mayai?"

"Tisa," anajibu kuku mwenyewe, kwa sauti ya mtu aliyechoka kuulizwa.

"Basi abaki. Lakini asitagie kwenye faili."

Nikaona bora nimweleze ukweli. "Karani, mke wangu alishafariki."

"Si udhuru. Wito ulitumwa."

"Ulitumwa wapi?"

"Kwake. Amesaini."

Ananionyesha. Ni mwandiko wake, ile N yenye mkia.

Anaingia mwenyekiti. Tunasimama wote. Siye mwenyekiti, ni mhuri wenyewe, wa mbao, kimo cha kinu, ana vijiguu viwili vifupi. Kila anapokanyaga anaacha duara la buluu sakafuni. Pa. Pa. Pa.

"Kaeni," anasema. Kisha ananigeukia mimi. "Nilikuwa kwenye droo. Mtu akiondoka na ufunguo mfukoni, mimi nifanyeje?"

Nikampenda kidogo. Angalau yeye anasema.

"Mali zote zimegawanywa," anasoma, "isipokuwa moja ambayo wadaawa hawakuiorodhesha. Jumanne."

"Jumanne si mali," nasema.

"Mliitumia wote wawili?"

"Kila mtu kwake."

"Mliitumia. Ni mali ya ndoa. Ileteni."

Wanaileta wanaume wanne mabegani. Ni benchi. Lilelile la kata, lenye msumari uliochomoza unaochana suruali za watu. Wanaliingiza, wanaliingiza, haliishi. Limepita dirishani, limetoka nje, limeshika njia ya sokoni, limezama msituni.

"Mwisho wake uko wapi?" nauliza.

"Mwisho mwingine uko kizingitini kwako," anasema karani. "Yule amekaa kule. Wewe umekaa huku. Mwenyekiti anagonga katikati, kila mtu anachukua nusu yake, mnaenda zenu."

Nyuma yangu mtu anakohoa. Ni mchi wangu, amesimama wima, amevaa tai.

"Mheshimiwa," anasema mchi, "mteja wangu ana swali moja kwa aliyeko mwisho wa pili."

"Mteja wako akiinuka amepoteza foleni. Ndiyo kanuni."

"Hatainuka. Atasota."

Mhuri anafikiri. "Asote. Mimi nitafuata nyuma. Nitakapomfikia, nagonga."

Nasota.

Nasota kwa makalio, kuku kwapani, mchi akirukaruka kando yangu, du, du, du. Nyuma yetu, pa, pa, pa. Msumari unanichana na siusikii. Tunaingia sokoni. Hakuna anayeshangaa. "Mzee, sogea basi, tupitishe mihogo," ananiambia mmoja. Pembeni mama anapeta karanga zilizokaangwa, maganda mekundu yanaruka kama vumbi.

"Huyu naye anayatupa," anasema mchi.

"Wote huyatupa."

"Si wote."

Kweli si wote. Mimi napenda karanga zitwangwe na ganda lake, nipate ule uchungu kidogo kwenye mchuzi. Maisha yangu yote ni mtu mmoja tu aliyekubali kunitwangia hivyo. Wengine wanasema ni uvivu wa mpishi.

Pa, pa, pa.

Katikati ya benchi kuna simu. Ni yangu, yenye raba kwenye betri. Inalia.

"Pokea," anasema mchi.

"Naijua simu hiyo. Tupite."

"Huwezi kupita bila kupokea. Imekalia njia."

Napokea. Ni sauti ya Bi Kalunde, jirani yangu. "Baba Sida, mkeo yuko hapa mlangoni kwako, amekaa. Ana mzigo. Njoo."

Halafu nasikia sauti yangu mwenyewe, ya siku ile, ikijibu kutoka hukohuko ndani ya simu. "Niko wa tatu kwenye foleni. Nikitoka hapa wataniruka."

"Hakunituma nikwambie uje. Mimi ndiye ninayekwambia. Njoo, baba."

"Mwambie angoje."

Simu inakatika. Mchi ametulia. Hata tai yake imetulia.

"Hilo hukuwaambia wajumbe," anasema.

"Hawakuuliza."

"Shemeji yako Lugendo?"

"Hakuuliza."

"Sida?"

Sida nilimwambia simu haikuwa na chaji.

"Kosa ni la mwenye ufunguo," nasema. "Mhuri ungekuwepo Jumanne ya kwanza, mimi hiyo Jumanne ya tano ningekuwa nyumbani."

"Ndiyo," anasema mchi. "Sota."

Nasota. Tunapita msituni kwenye mizinga yangu. Nyuki wote wametoka, wamejipanga foleni kwenye tawi, mmoja nyuma ya mwenzake. Wa tatu ananitazama mimi. Pa, pa, pa. Duara la buluu linatokea kwenye benchi, hatua tano nyuma yangu. Halafu nne.

Halafu naiona nyumba yangu, na kizingiti, na Nyamizi.

Amekaa amenyoosha miguu, ina vumbi la njia ya kutoka kwa Lugendo. Furushi liko mapajani, limefungwa kwa ile kanga yake ya kijani.

"Baba Sida. Foleni imefika wapi?"

"Niko wa tatu."

"Si ulikuwa wa tatu tangu saa tano?"

"Bado wa tatu."

"Mh! Hao watu wanakula foleni?" Anacheka kidogo puani, kama zamani. "Umekula?"

"Sijala."

"Najua hujala."

"Nyamizi, ulikuja kufanya nini?"

Anagonga furushi kwa vidole. "Si kwa haya ya humu. Nimelikaza vibaya, halifunguki. Shika pembe hii na hii, mimi nivute fundo."

Nashika pembe moja kwa mkono wa kulia.

"Mikono miwili, Baba Sida."

"Nina kuku."

"Namwona. Amenenepa. Mweke chini."

"Mayai yatapasuka."

"Yatapasuka, ndiyo."

"Yako tisa."

Ananitazama tu, kama alivyonitazama siku ya arobaini, sahani za watu mkononi.

Pa. Pa.

"Mwachie!" mchi anapiga kelele. "Mwachie, mzee, amefika!"

Kuku ananiangalia kwa jicho moja. Ana joto. Miaka miwili ndiye pekee aliyelala na mimi kitanda kimoja. Nafungua kwapa. Anaanguka, na kabla hajafika chini mkono wangu wa kushoto umeshika pembe ya kanga, na Nyamizi anavuta, na fundo linalegea, na harufu inanipiga usoni, harufu ninayoijua, na ninainama nione.

Pa.

Nikaamka.

Kulikuwa kumepambazuka. Mkono wangu wa kushoto ulikuwa umekufa ganzi. Nikakaa kitandani nikautingisha, nikasema ni ndoto, mtu mzima hasumbuliwi na mhuri wenye miguu. Nikasimama nifungue mlango.

Mchi ulikuwa palepale nyuma ya mlango, na utando wa buibui wake palepale. Lakini kichwa chake kilikuwa kibichi. Nikapitisha kidole. Karanga, zimetwangwa sasa hivi, bado zina mafuta. Nyumba hii haina kinu. Haina karanga. Nikasogea dirishani kwenye mwanga nikaona kidoleni vipande vidogo vyekundu vya ganda. Nikalamba. Uchungu kidogo.

Nikauchukua mchi begani, nikaenda ugani kwa Bi Kalunde, ambaye hatusalimiani naye tangu msiba. Alikuwa anafagia.

"Bi Kalunde, hodi. Siku ile aliondoka saa ngapi?"

Hakuuliza siku ipi. Akaegemea ufagio. "Miaka miwili nakungoja uulize. Alikuja saa tatu. Aliondoka saa tisa."

"Mlango wangu ulikuwa umefungwa kwa kamba tu."

"Nani asiyejua? Aliufungua, akaingia, akanywa maji. Akautoa huo mchi nje, akaufuta vumbi kwa kanga, akaurudisha ndani ulipokuwa. Kisha akakaa kizingitini."

"Na furushi?"

"Furushi hakulifungua, baba. Aliondoka nalo."

Saa mbili nilikuwa kata, na mchi wangu. Nilitaka mwenyekiti anijibu, maana ndiye aliyeondoka na ufunguo. Karani akaniambia mwenyekiti yuko semina, nikae kwenye benchi. Sikukaa. Nilimwuliza yeye karani, naye akasema swali la namna hiyo halina fomu. Kwa hiyo naliuliza hapa, anayejua anijibu: mwanamke, tuseme alikuja kuchukua mchi, akaushika mkononi, akaufuta vumbi, akaurudisha nyuma ya mlango, halafu akakaa kizingitini mpaka saa tisa, alikuwa anangoja nini?