Mzee Aliyefichwa Umuaja

Asubuhi ya siku ya soko la Nkwo, Oriaku alikuwa akisiriba sakafu ya baraza kwa udongo mwekundu. Alianzia mlangoni akirudi kinyumenyume, mpaka akagonga goti la mumewe.

"Sogea, mzee. Sakafu mbichi hii."

"Nisogee wapi? Umenizingira," alisema Anyaegbu.

"Kwani nakuona ulipo? Ungekohoa."

Anyaegbu akakohoa, akainuka, na nyayo zake zikajichora kwenye udongo mbichi kuelekea uani. Oriaku aliguna, akazifuta kwa kiganja. Tangu mwaka wa askari hakuwa amemwona mumewe, na jambo hilo lilishakuwa kero ya kawaida, kama paa linalovuja.

Lilianza hivi. Mwaka ule askari wa serikali walichoma mji wa jirani, kisha wakatuma neno Umuaja: mtoeni mfalme wenu, mzungu anamtaka. Umuaja hawakuwa na mfalme, wala hawakuwahi kumtamani. Walikuwa na Anyaegbu, mkubwa wa ukoo mkubwa, aliyeshika ofo, kile kijiti cha haki ambacho anayekishika hathubutu kusema uongo. Wazee wakakaa, wakaamua kwamba mtu anayeitwa na askari harudi. Wakamtafuta mganga amfiche Anyaegbu kichakani, na mbele ya mzungu wakamsukuma Iheme, mgema wa kuwagemea wengine, asiye na mke wala ghala la viazi vikuu, mwenye mdomo tu. Huyo akinyongwa, walisema, tutakosa pombe siku mbili tatu, basi.

Mzungu hakumnyonga. Alimvisha kofia nyekundu yenye beji ya shaba, akampa hati ya serikali, na ruhusa ya kuamua kesi na kukamata watu wa kazi ya barabara.

Wazee walipokwenda kichakani kumtoa Anyaegbu, walikuta sauti tu, mtu haonekani. Mganga aliikagua kazi yake, akaridhika nayo. Kumfichua ni rahisi, alisema: nyinyi mliomficha simameni mbele ya mzungu, yule mliyetaka asimwone, mseme wazi kwamba huyu ndiye mkubwa wetu, siku ile tulikudanganya. Wazee wakasema ni sawa, watafanya hivyo mambo yakitulia. Mambo hayakutulia. Iheme alianza kuwaruka watoto wao wa kiume kila alipokusanya watu wa barabara, nao wakaona hakuna haraka.

Sasa Iheme alikuwa amelitaka shamba la Anyaegbu la bondeni, lenye michikichi na udongo mweusi wa viazi. Alidai halina mwenyewe, kwa kuwa hakuna aliyemwona mwenyewe akilima. Oriaku akashtaki. Kwa vile Iheme hakuweza kujihukumu, mzungu wa wilaya alikuja mwenyewe siku hiyo ya Nkwo, na wazee wote wakaitwa.

"Wakisema leo, nitakuona kabla jua halijatua," Oriaku alimwambia mumewe njiani. "Na shamba litabaki letu."

"Ohaeri atasema. Tumecheza mieleka pamoja tangu meno ya utotoni."

"Alikuangusha?"

"Kamwe."

"Basi ndiyo nafasi yake hiyo."

Mahakama ilikuwa banda jipya la bati. Mzungu alikaa katikati, Iheme kulia kwake, karani kushoto. Anyaegbu alipoitwa aliitika, akaeleza mipaka ya shamba lake, mchikichi kwa mchikichi, na nani alizikwa wapi. Mzungu aligeuzia uso mahali sauti ilipotoka, akasikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha karani akasogeza kitambaa kilicholoweshwa wino.

"Weka dole gumba hapa," alisema.

Kitambaa kilibonyea. Karatasi nayo ikabonyea, ikabaki nyeupe.

"Bwana, wino haushiki," karani alimwambia mzungu.

Mzungu alisema hilo hutokea kwenye wilaya zenye unyevu. Hata hivyo, bila alama ya dole, inabidi watu wenye alama wamthibitishe. Akauliza ni nani miongoni mwa wazee anayemjua mtu huyu.

Ohaeri alisimama, akajifunga vizuri nguo yake begani.

"Huyu," alisema Ohaeri, "ndiye..."

Hapo Oriaku aliliona sikio la mumewe. Sikio la kushoto, lililoning'inia hewani usawa wa bega lake, na nyuma yake nywele kidogo. Nywele zilikuwa zimekuwa nyeupe zote. Hakuwa amejua. Akanyoosha mkono kuzigusa.

Ohaeri naye aliliona sikio. Kisha akamtazama Iheme, na Iheme alikuwa akiwatazama vijana wa Ohaeri waliosimama kwenye mlango wa banda, wanono, ambao hawajawahi kushika sururu ya barabara.

"...ndiye anayesema ni Anyaegbu," alimalizia Ohaeri. "Sauti tunaifahamu. Mwenye sauti, siwezi kumwapia."

Sikio likatoweka. Wazee wengine waliulizwa mmoja mmoja, nao wakajibu vivyo hivyo huku wakitazama vidole vya miguu. Shamba likaandikwa kwa Iheme.

"Umezeeka," Oriaku alimwambia mumewe wakirudi.

"Ulitegemea nini?"

Alilia mpaka walipofika kwenye mto, akanawa uso, wakaendelea.

Mvua zilirudi, viazi vikuu vikakomaa. Lakini Umuaja hakuna anayekula kiazi kipya kabla mshika ofo hajakionja, na hilo kofia haikulibadilisha. Njaa ilipowabana, wazee wakaja barazani kwa Oriaku, wakaketi kila mmoja mahali pake pa zamani. Iheme alikuja nyuma yao, kofia kwapani, kiazi kilichochomwa mkononi.

"Baba, watoto wanalia," alisema. "Tuonjee."

"Ipe kofia yako ionje," alisema Oriaku.

"Mke wetu, usitie maneno," alisema Ohaeri. "Hili si la mahakama."

"Wewe nyamaza. Mdomo wako ulikuwa na kazi Nkwo ile, ukashindwa."

"Kimechimbwa wapi?" aliuliza Anyaegbu.

Iheme alikitazama kiazi. "Bondeni, baba."

Katika nyumba za jirani watoto walikuwa wakilia kweli, si kwa kusingiziwa. Kiazi kikainuka kutoka mkononi mwa Iheme, kikachovywa kwenye mawese, kikapungua upande mmoja. Anyaegbu alitafuna taratibu, kama mtu anayeijua ladha ya udongo ule. Alipomaliza aligonga ofo chini akawaombea watu wa Umuaja mvua, uzazi na mavuno, akiutaja kila mlango, maana mshika ofo haruki mlango. Alipofika kwenye mlango wa Iheme, sauti yake ilikwama. Oriaku alisubiri. Mumewe akakohoa, akautaja nao.

"Iwe hivyo," wazee waliitikia, wakainuka haraka, kwa kuwa moshi wa jikoni kwao ulikwisha kuanza.

Iheme alivaa kofia yake. Kwenye lango aligeuka, akamkumbusha Oriaku kwamba kule bondeni asiokote hata chikichi lililoanguka, kisha akaenda kula.